Ituri: Kupigana na uovu bila kumuwinda jirani, mtihani wa makanisa ya Bunia

Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, waumini wa parokia ya Mwenye Heri Anuarite huko Komanda, wilaya ya Irumu, walikuwa katika mkesha wa maombi. Wengi wao walikuwa vijana wa Krusadi ya Ekaristi. Waasi wa ADF waliwavamia kwa mapanga na bunduki. Kufuatana na MONUSCO, zaidi ya raia 40 waliuawa, kati yao watoto 9. Nyumba na maduka ya karibu yalichomwa moto.

Mauaji ya namna hii yanaamsha upya swali ambalo wakaaji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, wanalibeba tangu zaidi ya miaka 25: adui wa Mkristo ni nani hasa? Katika vyumba vya maombi wanajibu kwamba ni shetani na nguvu za giza. Barabarani jibu linakuwa fupi zaidi: ni kabila lile, ni watu wa kijiji kile, ni watu wa dini ile. Historia ya Ituri inaonyesha kwamba majibu hayo mawili yakikutana, watu wanakufa. Inaonyesha pia kwamba kuna waumini waliokataa yote mawili, na wengine wao walilipa kwa uhai wao.

Aru, 2001: waliosema wanapigana na wachawi

Katikati ya mwaka 2001, vita vya Wahema na Walendu vilikuwa vimekwisha kuharibu sehemu kubwa ya Ituri. Upande wa kaskazini, katika wilaya ya Aru, karibu na mpaka wa Uganda, vikundi vya vijana vilianza kupita kijiji kwa kijiji vikitafuta wachawi. Watu walikuwa wanakufa kwa magonjwa, na ilibidi apatikane wa kubebeshwa lawama. Katika wiki chache za Juni na Julai mwaka huo, mamia ya watu waliuawa kwa mapanga na kwa mawe. Mauaji yalisimama baada ya jeshi la Uganda, lililokuwa linashika eneo hilo, kuingilia kati na kukamata watuhumiwa.

Wauaji hao hawakujiona kuwa waovu. Waliamini wanasafisha nchi. Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya barua yake kwa Waefeso, anafundisha kwamba vita vya muumini havimlengi mwanadamu mwenzake, bali nguvu zinazotawala nyuma yake. Andiko hilo linahubiriwa sana huku kwetu. Lakini mara nyingi linageuzwa: badala ya kumtoa jirani kwenye orodha ya maadui, linatumiwa kumuingiza. Mama mzee anaitwa mchawi. Mtoto anayekojoa kitandani ao anayefeli shuleni anaambiwa amekula bahati ya familia.

Sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo. Pasta anayemtaja mtoto mbele ya kanisa kuwa ni ndoki anaweza kwenda gerezani. Yeye anasema anapigana na dhuluma ya kiroho, na papo hapo anaifanya kwa mkono wake.

Damu inayofuata damu

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopitwa na kabila dhidi ya kabila. Tarehe 31 Agosti 2002, wiki chache baada ya kundi la UPC la Thomas Lubanga kushika Bunia, wapiganaji wake walishambulia Songolo, kijiji cha Wangiti. Human Rights Watch ilihesabu karibu watu 140 waliouawa. Siku tano baadaye, tarehe 5 Septemba, wapiganaji wa Kingiti pamoja na askari wa kundi la APC waliingia Nyankunde kulipiza kisasi.

Nyankunde ilikuwa na Kituo cha Matibabu cha Kiinjili, CME, hospitali ya makanisa ya Kiprotestanti iliyofahamika katika Congo mashariki yote. Kwa muda wa siku kumi hivi, watu walitafutwa kitanda kwa kitanda na nyumba kwa nyumba, kwa kufuata kabila lao. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa wasiopungua 1,200. Wagonjwa na wauguzi waliopona walikimbia, wengine kwa miguu hadi Oicha, katika Kivu Kaskazini.

Kilichotokea Nyankunde kinauma makanisa kwa namna ya pekee. Katika pande zote za vita hivi kulikuwa na watu waliobatizwa, walioimba katika kwaya, waliojua Baba Yetu kwa moyo. Ituri haikukosa wakristo. Kufikia Julai 2003, ripoti ya shirika hilo ilisema zaidi ya watu 50,000 walikuwa wamekufa katika vita hivyo tangu mwaka 1999.

Kanisa lenyewe halikuachwa. Novemba 2002, UPC ilipochukua mji wa dhahabu wa Mongbwalu, Padri Boniface Bwanalonga, Mlendu mwenye umri mkubwa, alikamatwa katika parokia yake na kuuawa. Miaka 17 baadaye, tarehe 8 Julai 2019, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, walithibitisha kwamba aliyemuua kwa mkono wake ni Bosco Ntaganda, mmoja wa wakubwa wa jeshi la UPC. Ntaganda alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia na wanamgambo wa pande mbili kugombania mji, zamu ilifika upande wa pili. Wapiganaji wa Kilendu waliingia parokia ya Nyakasanza, ndani ya mji, na kuua mapadri wawili pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia hapo. Yaani mapadri wa Ituri waliuawa na UPC, na waliuawa na maadui wa UPC. Kwa mwenye bunduki, kanzu ya padri haikuwa na maana. Aliangalia kabila la aliyeivaa.

Dawa ya risasi

Vita vya Ituri havikukosa upande wake wa kiroho. Wapiganaji wa Kingiti walikuwa na kiongozi wa kiroho, Barnaba Kakado, ambaye dawa zake ziliaminiwa kuwalinda vitani. Mwaka 2010, mahakama ya kijeshi mjini Bunia ilimhukumu kwa makosa ya vita. Baadaye ikaja CODECO. Jina hilo lilianza kama la ushirika wa kilimo katika miaka ya 1970. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 linatajwa kama kundi la silaha linalochanganya sala, ibada za mababu na viapo. Mmoja wa viongozi wake, Justin Ngudjolo, aliuawa Machi 2020, na kundi likagawanyika vipande. Tarehe 4 Septemba 2020, wapiganaji wake wenye silaha waliingia hadi katikati ya Bunia wakidai wenzao wafunguliwe kutoka gerezani. Mwanzoni mwa Februari 2022, CODECO ilishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, wilaya ya Djugu, na kuua zaidi ya watu 60.

Hiyo si mara ya kwanza kwa nchi yetu kuona dini ikigeuzwa ngao ya bunduki. Mwaka 1964 waasi wa Simba walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaguse. Mikononi mwao aliangukia Sista Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka huo kwa sababu alikataa kuwa mke wa afisa wao. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Parokia iliyoshambuliwa Komanda inabeba jina lake.

Dawa inamfanya kijana aamini mambo mawili: kwamba yeye hawezi kufa, na kwamba yule aliye mbele yake si mtu kamili. Jambo la kwanza linavunjika mara tu risasi inapompata. La pili linakaa muda mrefu zaidi, hata katika kichwa cha mtu ambaye hajawahi kugusa dawa. Linakaa katika neno la dharau linalotumiwa nyumbani kwa kabila lingine. Linakaa katika ujumbe wa sauti unaopita kwenye simu usiku, ukisema watu fulani wanajipanga kushambulia. Linakaa hata katika mahubiri, pale mchungaji anapolia wafu wa upande wake tu.

Ndiyo sababu hatari ya Komanda haikuisha na mazishi. ADF inatumia jina la Uislamu, na muumini mwenye uchungu anaweza kuanza kumtazama Mwislamu wa Bunia kama mshirika wa waasi. Ukweli unasema kinyume. Tarehe 1 Mei 2021, mjini Beni, Shehe Ali Amini, aliyekuwa akiikemea ADF waziwazi, alipigwa risasi ndani ya msikiti wakati wa sala ya usiku. Aliyekataa uovu kule alikuwa imamu.

Yeremia akisomwa Bunia

Katika mji huu kuna shule ya teolojia iliyoanzishwa mwaka 1961 na makanisa ya kiinjili, ambayo tangu 2007 inaitwa Chuo Kikuu Shalom cha Bunia. Mmoja wa walimu wake na aliyewahi kuwa kiongozi wake, Profesa Bungishabaku Katho, alifanya kitu kisicho cha kawaida: wakati Ituri inawaka moto, aliandika tasnifu juu ya nabii Yeremia na maana ya kumjua Mungu, na juu ya kile ambacho nabii huyo analiambia Kanisa la Congo. Aliimaliza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2021 alitoa kitabu juu ya kumsoma Yeremia katika Afrika.

Uchaguzi wa Yeremia unaeleweka kwa mtu aliyeishi Bunia. Katika sura ya 7, nabii anasimama mlangoni mwa hekalu na kuwaambia waabuduo kwamba hekalu halitawalinda ikiwa wanaonea mgeni, yatima na mjane, kisha wanakuja kusali kana kwamba hakuna kitu. Katika sura ya 22 anamsema mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba kubwa bila kulipa waliomfanyia kazi, na kumkumbusha baba yake Yosia, aliyetetea haki ya maskini. Kwa Yeremia, kumtetea maskini ndiko kumjua Mungu. Hakuna njia nyingine ya kando.

Fundisho hilo linagusa jimbo ambalo lina makanisa mengi, mikesha mingi na kampeni nyingi za uinjilisti, lakini ambalo watu wake zaidi ya milioni moja wamelazimishwa kuhama makwao. Ikiwa kumjua Mungu ni kutenda haki, basi idadi ya waumini si kipimo. Swali ni nini kinatendeka mtu wa kabila lingine akibisha mlango wa kanisa saa nane za usiku.

Si kila aliyefungua mlango alikuwa mtu wa madhabahu. Aprili 2003, Tume ya Kuleta Amani Ituri ilipokutana Bunia na kuunda uongozi wa muda, mwanamke, Pétronille Vaweka, ndiye aliyechaguliwa kuongoza bunge la muda. Ndani ya mji uliogawanyika kwa makabila, alienda kuzungumza na wakubwa wa wanamgambo ana kwa ana. Mwaka 2023, akiwa na miaka zaidi ya 70, alipewa mjini Washington tuzo ya Taasisi ya Amani ya Marekani kwa wanawake wajenzi wa amani.

Dhahabu, barieri na rushwa

Kuna upande mwingine wa dhuluma ambao mahubiri hayaugusi sana, kwa sababu unaingia hadi kwenye sahani ya sadaka. Bunduki za Ituri zinalishwa. Human Rights Watch ilionyesha mwaka 2005 namna dhahabu ya Mongbwalu na ya maeneo ya jirani ilivyosaidia makundi kama FNI na UPC, ikitoka kupitia Uganda. Leo bado mchimbaji mdogo, mama anayebeba mihogo na dereva wa lori wanalipa kwenye barieri, mara kwa wanamgambo, mara kwa watu waliovaa sare ya serikali. Hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 iliweka gavana mwanajeshi, lakini haikuondoa barieri.

Mwenye kuishi kwa barieri naye anasali. Mnunuzi wa dhahabu naye anatoa fungu la kumi. Kanisa linaloomba dhidi ya nguvu za giza bila kuuliza pesa inatoka wapi limechagua vita vilivyo rahisi.

Mfano wa kijana aliyechagua vita vigumu uko karibu. Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma na mshiriki wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayochunguza ubora wa bidhaa mpakani. Walimpa pesa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, alikataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Kazi yake ilikuwa ya mezani, ya karatasi na mihuri. Dhuluma ilimkuta hapo hapo, na hapo hapo aliipinga.

Kabla yake, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kupaza sauti juu ya vita vilivyokuwa vinaingia na kutetea wakimbizi ambao wengi hawakutaka kuwatetea. Congo mashariki inayo orodha yake ya mashahidi, na katika orodha hiyo hakuna aliyeshika panga.

Samahani na haki

Linabaki swali linalowasumbua waathirika wengi: je, kumpinga muovu bila kisasi maana yake ni kumwacha? Mara nyingi wanaambiwa kanisani wasamehe na wasahau. Lakini kusamehe na kusahau si kitu kimoja. Baada ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, ambamo watu karibu 200 waliuawa, ilichukua miaka 11 mpaka Germain Katanga ahukumiwe na CPI mwaka 2014. Machi 2017 mahakama iliamua kwamba waathirika 297 wapewe dola 250 kila mmoja kama fidia ya mfano, pamoja na misaada ya pamoja kama nyumba na masomo. Pesa hiyo hairudishi ndugu. Lakini ilitamka kwa maandishi kwamba waliokufa walikuwa watu na kwamba waliuawa kwa makosa.

Haki hiyo iliwezekana kwa sababu watu wa kawaida wa Ituri walikubali kusema walichoona. Kusema ukweli juu ya mauaji yaliyofanywa na watu wa kabila lako ni kazi ya kiroho sawa na kufunga na kusali, na ina hatari zaidi.

Mapatano hayakukosekana pia. Juni 2023, mjini Aru, makundi ya CODECO, FRPI, FPIC na MAPI yalitia sahihi ahadi ya kusimamisha vita. Mashambulizi hayakuisha. Makundi ya kujilinda kama Zaïre yaliendelea kuchukua vijana, na mwaka 2025 Thomas Lubanga, aliyemaliza kifungo chake cha miaka 14 mwaka 2020, alitangaza vuguvugu jipya, CRP. Vijana wanaoitwa na makundi haya ni wale wale wanaopiga gitaa na kuimba Jumapili. Kila kundi linawaambia kwamba linawatetea watu wao, na mara nyingi ni kweli kwamba watu wao wameuawa. Hapo ndipo mvuto wake ulipo.

Kanisa lisipokuwa na kitu cha kumpa kijana huyo zaidi ya wito wa kuomba, atakwenda. Kitu hicho kinaweza kuanza na mambo madogo yanayowezekana wiki hii hii: kusoma majina ya waliouawa wa makabila yote katika ibada moja, kukataa kusambaza ujumbe wa sauti usiojulikana chanzo, kumuita kwa jina mtoto anayeitwa ndoki na kumrudisha darasani, kuuliza sadaka kubwa imetoka wapi, kumsindikiza mjane hadi mahakamani. Hakuna kati ya hayo kinachozuia ADF kuingia usiku. Hiyo ni kazi ya jeshi, na wakaaji wana haki ya kulidai jeshi hilo lifanye kazi yake. Lakini yanazuia kitu kingine ambacho hakuna jeshi linaloweza kukizuia: yule aliyeponea kwa panga la jirani asije kesho akalishika yeye mwenyewe, akidhani anapigana upande wa Mungu.